Madam Rispa, Nimebadilisha Swali Lako

Madam,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika nawe, na bora niseme hivyo mapema, maana nikianza na machozi sitafika mbali. Wewe umelala kwenu Vihiga, umepumzika, hakuna anayekusumbua na ratiba wala ripoti. Mimi umeniacha hapa karibu na Dagoretti Corner na darasa letu la watoto wenye mahitaji maalum, kila mmoja na lake, na mtaala ambao tulikuwa tunautunga pamoja, ukauacha katikati. Ulikuwa umeniambia, "Mwikali, hii kitu tutaimaliza tukifunga Aprili." Aprili ilifika, shule zikafungwa, na kwenye meza tulikuwa mimi na kiti chako tu.

Leo ni Ijumaa jioni. Watoto wameshaenda nyumbani. Mafundi wa viti kando ya Ngong Road bado wanapiga randa, na nimeacha dirisha wazi ili kelele yao inisindikize nikiandika. Jana bodi ya shule ilikaa kuamua kama kitengo chetu kiendelee kufundisha kwa njia yako au watoto warudishwe kwenye silabasi moja na wengine wote, na wale wakubwa kama Purity waambiwe wakae nyumbani. Nitakueleza ilivyokwenda, lakini nitakueleza kwa mpangilio, maana hukupenda mtu anayeanzia hadithi mkiani.

Kwanza, Mwalimu Mkuu wetu alihamishwa muda mfupi baada ya mazishi yako. Aliyekuja ni mwanamume wa makamo, shati limenyooka, msemaji wa taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alininyima nafasi. Siku yake ya kwanza alikuja akakaa darasani kwetu asubuhi nzima kwenye kile kibenchi cha watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Alimtazama Brayo akibeba kikombe cha maji kutoka mlangoni hadi dirishani, akikirudisha, akikibeba tena. Watoto walipotoka kwenda kucheza aliniuliza, "Mwalimu, mimi sipingi. Lakini mgeni akija aniulize huyu mtoto amejifunza nini muhula mzima, nitamwambia amebeba kikombe?"

Nikamweleza kuhusu swali lako. Nililieleza kwa fahari, Madam, kama mtu anayeonyesha picha ya mamake.

Nilimwambia kwamba mtoto mpya akiletwa, kabla hujampa penseli wala kumpima kwa lolote, ulikuwa unafunga safari hadi kwao. Unakaribishwa kwenye stuli, wakati mwingine kwenye ndoo iliyopinduliwa, unakunywa chai yao yote bila kubakisha, halafu unamuuliza mama, "Siku moja ukiamka mgonjwa, na hakuna mtu mwingine kwa nyumba, ungetaka huyu mtoto akufanyie nini?" Wengine walicheka. Wengine walinyamaza mpaka chai ikapoa. Mamake Brayo alijibu haraka kana kwamba alikuwa amelifikiria siku nyingi: "Aniletee tu maji ya kunywa."

Kutoka kwa kikombe hicho ulitengeneza masomo ya muhula mzima. Kikombe kilichojaa na kikombe kitupu. Uzito. Kutembea bila kukimbia. Kumtazama usoni yule unayempa, jambo ambalo kwa mtoto mwenye usonji kama Brayo ni mlima. Kusema "shika." Kungoja urudishiwe kikombe. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi, mdomo umejaa maneno ya kitaalamu, na wewe ukanitania, "Nyinyi watu wa muthokoi, hata mahindi lazima mkoboe kwanza ndio mpike. Mnapenda tu kujipatia kazi." Nikakujibu kwamba afadhali muthokoi kuliko watu wa kwenu wanaomwita kuku kwa jina lake la ubatizo kabla ya kumchinja. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Na swali lako lilifanya kazi, sitakuibia hilo. Nakumbuka ile Jumamosi, miguu yako ilipokuwa imekataa kabisa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, tulipokuja kukuona kwako kule Kawangware, mimi na Brayo na mamake. Ulikuwa umelala kitandani, blanketi hadi kifuani, unajaribu kutuchangamkia. Hakuna aliyemwambia Brayo kitu. Alikutazama, akaenda kwenye jerikeni, akachota maji kwa kikombe, akakuletea. Nusu ilimwagika kwenye blanketi. Ulikunywa iliyobaki yote, kisha ukageuza uso ukutani, na mimi nikajifanya nakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini sikutaka mtu aliguse swali hilo.

Mwalimu Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni jambo zuri, lakini haliko popote, liko kichwani mwa marehemu na kichwani mwangu. Bodi haiwezi kupitisha kichwa cha mtu. Aliniambia niandike mtaala wenyewe, unaoweza kushikwa na mwalimu yeyote, hata yule asiyewahi kukuona, na niujaribu na watoto wengine wasiokuwa wa kwetu. Akanipa muhula mmoja. "Usiponiletea kitu ninachoweza kukitetea," akasema, "nitalazimika kufuata silabasi, na wale waliopita umri sitakuwa na pa kuwaweka." Hakusema kwa ubaya. Alionekana mtu ambaye halali vizuri.

Unaikumbuka ile shule ndogo ya binafsi kule Loresho iliyokuwa imekualika kabla hujaugua? Mwenye shule alikubali niende kila Ijumaa alasiri. Barabara zao zina kivuli na ua umekatwa vizuri, hata mbwa wanabweka kwa zamu. Kuna mvulana pale, Ethan, hasemi hata neno moja, na kama ulivyonifundisha niliomba kwanza kuonana na mamake. Anafanya kazi katikati ya jiji, kwa hiyo tulikutana kwenye mkahawa karibu na ofisi yake wakati wa chakula cha mchana. Nikamuuliza swali lako jinsi lilivyo. Siku ukiamka mgonjwa, ungetaka Ethan akufanyie nini?

Alinijibu hivi: "Mwalimu, let me be honest. Kwangu kuna mpishi, kuna yaya, kuna dereva. Ethan hahitaji kunifanyia kitu." Nikangoja. Akakoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia sukari. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na hata sijui kama angejua niko mgonjwa." Hapo akaanza kulia, na mimi nikabaki nimeshika karatasi za mezani nikimpa moja moja ajifute machozi. Swali lililofungua kila mlango kutoka Kawangware hadi Riruta lilikuwa limemuumiza mtu bure, na halikuwa limenipa chochote cha kumfundisha mwanawe.

Niliachana naye nikatembea bila kujua naenda wapi, mpaka nikajikuta nimesimama nje ya City Market kati ya wauza maua, na hasira ikanipata palepale. Hasira juu yako, Madam. Nilikuwa nimelibeba lile swali kama kitu kitakatifu, na sasa niliona kasoro yake. Linamuuliza mtu mzima mtoto atamfaa vipi. Kwa watu wetu wa huku, ambao kila mkono nyumbani unahitajika, kasoro hiyo haionekani. Lakini ipo. Kati ya watoto wote wa darasa letu, miaka yote ile, hakuna hata mmoja tuliyewahi kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini.

Mtu wa kwanza kunijia akilini alikuwa Purity.

Unamkumbuka alivyokuwa anatuchosha. Mtindio wa ubongo umeikaza mikono yake, anatembea na fremu yake ya chuma, na maneno yake yanatoka pole pole, moja baada ya jingine. Mamake, anayeuza mboga pale Corner, alipoulizwa swali lako alijibu, "Aoshe vyombo." Basi tukamwekea Purity karai la maji na vikombe vya plastiki, muhula baada ya muhula. Alikuwa akivisukuma. Alikuwa akivimwaga. Kabla ya saa ya uji alikuwa ameshalaza kichwa kwenye dawati. Wewe ulisema, "Atazoea tu." Na mimi niliandika kwenye ripoti kwamba hana hamu ya kujifunza.

Jumatatu iliyofuata niliketi naye kwenye mkeka. Nilimwambia, "Purity, kuna kitu ungetaka kufanya mwenyewe, bila mtu kukusaidia?" Halafu nikangoja. Unajua sisi walimu hatujui kungoja. Mtoto akichelewa kidogo tunammalizia sentensi, na sentensi inakuwa yetu. Mdomo wake ulihangaika, shingo ikajikaza, na mara mbili nilitaka kumsaidia nikajiuma ulimi. Mwishowe likatoka: "Twende."

Aliinuka na fremu yake, mimi nyuma. Tukapita jikoni, tukapita mfereji wa kunawia, hadi vyoo vya wasichana. Akasimama kwenye mlango wa mwisho. Unajua ule mlango, komeo lake liko juu na ni gumu hata kwangu. Kwa hiyo kila Purity akienda lazima mtu aushike mlango kwa nje, mara msaidizi wetu, mara mwenzake ambaye anachoka au anaitwa kucheza anaacha mlango wazi. Ana miaka kumi na mitatu sasa, Madam. Mwili wake unakua. Aliinua mkono, vidole vikatetemeka mpaka vikagusa lile komeo. Akasema, "Mimi. Peke yangu."

Nililia pale nyuma ya vyoo, na sioni haya kukuambia.

Nilienda kwa fundi mmoja kando ya Ngong Road, anayetengeneza makabati, nikamweleza. Alinitengenezea ubao wenye makomeo matano, la kwanza pana na laini, la mwisho dogo na kaidi. Pia alikuja shuleni akateremsha lile la chooni na kuweka chuma cha kushikilia ukutani. Mwalimu Mkuu aliuliza kwa nini basi tusiishie hapo, komeo si limerekebishwa? Nikamwambia Purity anaenda kanisani pia, na kwa shangazi yake, na hospitali, na huko kote hakuna fundi wetu. Lazima mlango umsogelee kidogo na yeye ausogelee kidogo. Aliitikia kwa kichwa, akaondoka akifikiri.

Muhula wa Purity ukawa komeo. Nikajikuta nafanya vile ulivyonifundisha na kikombe cha Brayo: kushoto na kulia, juu na chini, kuhesabu makomeo, kusoma neno "Wasichana" mlangoni, kupanga ni lipi linatangulia na lipi linafuata, kunawa mikono, na mazungumzo yale ya wasichana ambayo nilikuwa nayaahirisha. Nilipima kwa kiasi cha msaada peke yake. Mwanzo nikimshika mkono. Halafu nikimwonyesha tu. Halafu nikimkumbusha kwa neno. Mwisho yeye mwenyewe. Hakuna tarehe ya kufika, na akirudi nyuma kwa sababu ameugua au baridi imemkaza, anaanzia pale alipo.

Mamake alipopata habari alikuja juu. Nilimkuta kibandani pale Corner akifunga mafungu ya sukuma, na hakuninyanyulia macho. "Madam, mimi nimeleta mtoto shule asome. Mnamfunza kufunga choo?" Nikajaribu kumweleza. Akanikata. "Mimi nikifa leo, hiyo choo itamsaidia aje? Nani atamweka kwake kama hawezi hata kuosha sahani?"

Ndipo nikaelewa kwamba kila mama uliyemuuliza swali la ugonjwa alikuwa amesikia swali la kifo, na kila mmoja alikuwa amekujibu hilo. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Kisha nikamuuliza kama Purity halali vizuri nyumbani, kwa sababu darasani anasinzia na kichwa kinamuuma.

Alifunga fungu moja, akalifungua, akalifunga tena. "Hakunywangi chai asubuhi," akasema. "Hata maji. Tangu aingie hiyo shule. Ati akikunywa ataenda choo." Kisha akaongeza, "Mimi nilidhani ni maringo."

Madam, mtoto alikuwa anakuja shuleni na kiu, anashinda na kiu mpaka jioni, na sisi tulikuwa tunamwekea karai la maji aoshe vikombe.

Sikulala vizuri siku hizo. Lakini niliandika. Nilirudi nikaandika mtaala wote upya, kwa Kiswahili chepesi ili mama yeyote aweze kuusoma akiwa kazini kwake. Ukurasa wa kwanza unasema mwalimu amuulize mtoto, kwa njia yoyote mtoto anayoweza kujibia, anataka kufanya nini mwenyewe, na angoje jibu. Kama hasemi, mwalimu amwekee vitu, ampeleke mahali, amtazame anavutwa na nini, siku kadhaa, si mara moja. Ukurasa wa pili ndio swali lako, kwa mzazi. Yakigongana, wakae wote watatu wakubaliane lipi litangulie. Masomo yote mengine yanafuata lengo hilo, na lengo likibadilika yanabadilika nalo. Nilienda nikauchapisha mjini, na kijana mmoja wa kompyuta akausoma wote akiuchapa, halafu akaniuliza kama unafaa pia watu wazima. Nikamwambia bado sijajaribu.

Ungecheka kuhusu Ethan. Nilimpa kila kitu, rangi, mpira, vinanda vidogo, hakuna alichojali. Lakini kila Ijumaa alikuwa akiniponyoka anaenda kusimama mlangoni mwa jiko la shule. Nikamuuliza mamake, akasema hata nyumbani ni hivyo hivyo, mpishi humwondoa kwa sababu ya moto. Tukamwekea kiti jikoni. Unajua alichotaka? Kuchambua mboga ya managu! Jani moja moja, kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwake. Mamake alinitumia ujumbe: "Mwalimu, leo ameketi jikoni na mpishi mpaka mboga ikaisha. Nimeketi nao." Mtoto wa Loresho anataka kuingia jikoni, na wetu anataka kutoka. Sasa mtu ataandika silabasi gani moja ya hao wawili?

Basi jana bodi ikakaa. Ukumbi ulikuwa na watahiniwa, kwa hiyo walikuja darasani kwetu, wakajipanga kwenye viti vya kuazima. Afisa wa elimu alikuwepo, mama mmoja wa miwani, msomaji makini, anapekua na kurudi nyuma. Wazazi walikaa upande wa dirisha, na watoto wachache walibaki nasi kwa sababu hatukuwa na pa kuwapeleka. Ilitolewa chai na mandazi kama kawaida ya mikutano, na Purity akapewa kikombe chake pale pembeni, akanywa. Niliona mamake akimtazama akinywa.

Mjumbe mmoja wa bodi alisema wazi kwamba haya ni mambo ya nyumbani na kodi ya wananchi haifai kuyafundisha. Afisa yeye alifikia ukurasa wa Purity, akauliza, "Hapa lengo ni komeo. Hesabu iko wapi?" Nikaanza kumwonyesha. Nilikuwa katikati ya kueleza Purity alipoweka kikombe chini, akavuta fremu yake, akainuka, akaelekea mlangoni.

Msaidizi wetu alisimama amfuate, kama siku zote. Mama Purity akasema kwa sauti kubwa, "Wacha. Anaenda mwenyewe."

Afisa akauliza mtoto anaenda wapi. Nilifungua mdomo, lakini Mwalimu Mkuu alinitangulia. "Choo," akasema. Akakohoa kidogo. "Peke yake. Akirudi unaweza kumuuliza mwenyewe amejifunza nini. Lakini itabidi ungoje, huwa anachukua muda kujibu."

Hakuna aliyepekua karatasi. Tulisikia fremu ikigonga saruji mpaka kule nyuma. Tulisikia mlango. Komeo likakwaruza, likakwama. Likakwaruza tena, kimya, tena, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza mpaka vidole vikauma. Kisha likaingia. Mama Purity alijifunika mdomo kwa leso, na Mwalimu Mkuu akatazama dari kwa muda mrefu.

Alichukua muda wake kule ndani. Aliporudi mikono ilikuwa imelowa, gauni limelowa pia kidogo mbele kwa maji ya mfereji, na alishangaa kuona watu wazima wote wanamwangalia. Afisa akamuuliza, kwa adabu kabisa, amejifunza nini muhula huu. Akangoja. Nakuambia alingoja, Madam, kalamu imelala mezani. Shingo ya Purity ikajikaza, mdomo ukahangaika, na hakuna aliyemmalizia. "Kufunga," akasema. Tulidhani amemaliza, watu wakaanza kupiga makofi, naye akainua mkono tungoje. "Na kufungua."

Tulicheka sote, na yeye alicheka kuliko sisi.

Wamekubali mwaka mmoja. Afisa atakuwa anakuja kila muhula, na ameniambia hajaridhika na sehemu ya kusoma na kuandika, niiongezee nguvu. Ana haki. Yule mjumbe wa bodi bado hajanisalimia. Brayo amekwama kwenye neno "shika" na pengine atakwama mwaka mzima. Lakini kitengo kipo, na Purity yupo, na mamake asubuhi ya leo alimleta na chupa ya maji yenye jina lake. Ya karai la vikombe hakuyataja. Tutafika huko siku Purity akitaka, au siku watakapokubaliana yeye na mamake.

Wanabodi walitaka kuuita mtaala huu kwa jina lako. Nilikataa, Madam, na nimeandika barua hii yote ili nikueleze kwa nini. Kazi hii ulianza wewe, lakini ukurasa wa kwanza si wako. Ungeupinga, najua, ungeniambia watoto wa muthokoi wamezidi kujua. Tungegombana mpaka saa ya kufunga, halafu ungeninunulia mahindi ya kuchoma barabarani bila kusema umeshindwa. Nimelikosa sana gombano hilo. Nilikupenda kama mama, na nimekuwa nikiogopa kukukosoa kana kwamba kukukosoa ni kukuzika mara ya pili.

Tangu tukuzike, kila nilipokwama nilisimama nikajiuliza wewe ungefanyaje. Jumatatu tunapokea msichana mpya. Mamake anafanya kazi ya nyumbani kule Kitisuru, na mtoto amekuwa akishinda chumbani peke yake siku nzima kwa sababu haoni vizuri wala hasikii vizuri. Sijawahi kumfundisha mtoto kama huyo. Hatukuwahi, wewe na mimi. Nitakwenda Jumapili baada ya kanisa, nitakunywa chai ya mamake yote bila kubakisha, nitamsikiliza mama. Kisha nitaketi chini na binti mwenyewe, nimpe mikono yangu aishike.

Pumzika, Madam Rispa. Nakuaga sasa, na nakuahidi jambo moja tu. Sitakuuliza wewe tena. Nitamuuliza yeye, na nitangoja mpaka amalize.

Mimi wako,
Mwikali